Miwani Ninayo, Mama Mkwe Sina

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia misumari kabla hujanisoma, ngoja nikurudishe nyuma kidogo, maana aibu hii siwezi kuibeba peke yangu.

Mimi ni fundi miwani. Watu wanaingia dukani kwangu wakipapasa ukuta, wanatoka wakisoma vibao vya ng'ambo ya barabara. Lakini mke wangu amenihama kwa sababu, anasema, mimi mwenyewe sioni.

Kisa chenyewe ni cha kituo cha mafuta. Mke wangu alikuwa amekaa kiti cha nyuma, kwa kuwa kiti cha mbele nilikijaza maboksi ya fremu. Akashuka kwenda kununua maji. Mimi nikaweka mafuta, nikawasha gari, nikaondoka. Njia nzima namsimulia habari za fundi mwenzangu aliyemtengenezea mteja kioo cha jicho la kulia akakiweka kushoto. Nilisimulia mpaka mlangoni kwetu. Nikasema, "Mbona leo hucheki?" Kugeuka, kumbe nyuma umekaa mkoba wake peke yake.

Alipofika kwa gari la kukodi hata maji hakunipa. Alifungasha nguo, akaenda kwa mama yake.

Sasa, safari ya meli ya kitalii tulikuwa tumekwisha kuilipia, mimi na yeye, ya kuisherehekea ndoa yetu, na tiketi zile hazirudishwi. Mke wangu akanipigia simu akatoa hukumu.

"Nenda na mama. Ukimrudisha mzima, na mwenyewe akaniambia kwa mdomo wake kwamba umemtunza, narudi nyumbani. Ukimpoteza, Fundi, usinitafute."

Nilicheka. Mtu mzima, mwenye mwili wake na viatu vyake, anapoteaje?

Wiki iliyopita niliwaacha pale tulipofunguliwa chumba, tukakuta kimeandaliwa kwa maharusi: kitanda kimoja, maua juu ya shuka, na taulo mbili zimekunjwa zikawa ndege wawili wanabusiana. Mama mkwe aliwatenganisha wale ndege kwa mkono wake. Mmoja akambakiza kitandani, wa pili akamweka nje ya mlango. Nikaelewa. Nililala kwenye kiti kando ya bwawa la kuogelea, mimi na ndege wangu.

Kuna jambo moja sikuwaeleza, nalo ndilo lililonimaliza.

Mimi na mama mkwe hatutazamani. Ni heshima, si ugomvi. Tangu nimwoe binti yake, mimi natazama viatu vyake, yeye anatazama ukuta ulio nyuma yangu. Na hazungumzi nami moja kwa moja. Nyumbani anampitishia binti yake: "Mwambie mumeo hivi, mwambie mumeo vile." Melini binti hayupo. Kwa hiyo maneno yake anaupitishia mkoba.

Utasema, lakini fundi, si wewe uliyempima macho? Ndiyo, nilimpima. Kwa mashine, jicho mojamoja. Jicho lake la kushoto nalijua, lina kidoa cha kahawia pembeni mwa mboni. La kulia nalijua, linapenda kulengwalengwa na machozi. Uso mzima sijawahi kuuona.

Asubuhi ile mama mkwe aliuweka mkoba mezani, kati ya chai yake na yangu.

"Mkoba wangu," akasema, "mwambie huyo mwanamume kwamba magoti yananiuma, na nimesikia tunakotia nanga leo kuna tope linaloponya."

"Mkoba," nikajibu, "mwambie Mama nimesikia."

"Mwambie asinipoteze."

"Mwambie Mama haiwezekani."

Mhudumu aliyekuwa anamimina chai alisimama na birika hewani, akautazama mkoba, akanitazama mimi, akaondoka bila kunijazia kikombe.

Kiongozi wa matembezi alikuwa kijana mrefu mwenye filimbi shingoni, ndiyo maana wote tukamwita Filimbi. Alipuliza tukashuka melini, akapuliza tukapanda basi, akapuliza tukatulia. Basi likapanda kilima, likatushusha penye dimbwi.

Dimbwi lilikuwa linachemka polepole na kunuka mayai viza. Basi la watalii wa meli nyingine lilikuwa limetutangulia. Watu walikuwa wamezama hadi shingoni, wote rangi moja.

"Hili ndilo linaloponya?" nikamuuliza Filimbi.

"Likishindwa kukuponya, litakusahaulisha kilichokuuma," akasema, akapuliza filimbi.

Tulipewa majoho meupe ya taulo, yote sawa, na viatu vyetu tukaambiwa tuvirundike kwenye tenga. Nikaviona viatu vya mama mkwe vinaingia tengani, vile vyeusi vyenye kifungo cha shaba. Sikujua kwamba pale ndipo nilipomuaga.

"Mkoba wangu," akasema, "mwambie anishikie miwani na ile kadi ya melini. Tena mwambie bila miwani mimi naona vivuli tu."

"Mkoba, mwambie Mama nitakuwa macho yake."

Nilipendezwa sana na sentensi ile. Nikatia miwani na kadi mfukoni, mkoba nao nikauvaa begani.

Wanawake upande ule wa kamba, wanaume upande huu. Kazi ya kupaka ilikuwa ya mama mmoja mnene mwenye ndoo na brashi ya kupakia chokaa. Alimpaka kila mtu kuanzia utosini, kisha akatangaza masharti.

"Sikilizeni! Tope likianza kukauka usoni, hakuna kuongea na hakuna kucheka. Ukicheka linapasuka, na pale lilipopasukia ndipo kunyanzi litakapokaa, halitoki tena!"

Jamani. Upande wa wanawake kulikuwa na kelele za sokoni. Kilishuka kimya ukawa unasikia dimbwi linavyochemka.

Nami nikaliacha joho na mkoba ukingoni, nikajitosa. Nilijisikia vizuri, nisiseme uongo. Nilifumba macho nikamwona mke wangu anafungua mlango wa nyumba yetu, anaweka mkoba wake juu ya friji kama kawaida yake. Nikasema moyoni, siku chache tu, Fundi, usiharibu.

Basi yule mpakaji akarudi kutoka kwenye bafu amejishika kiuno.

"Maji yamekatika."

"Yamekatikaje?" akauliza Filimbi.

"Yamekatika. Yalikuwepo, sasa hayapo."

"Na watu wangu wana tope mpaka kwenye kope!"

"Tope ni langu, maji si yangu."

Filimbi alipuliza mpaka mishipa ikamtoka. Tuondoke hivyohivyo, viti vya basi vimewekewa nailoni, tutaoshwa gatini kwa mpira wa maji! Kila mtu achukue mtu wake! Viatu vitakuja na tenga!

Kila mtu achukue mtu wake. Nami nikavaa joho na mkoba, nikaenda kuchukua wangu.

Kwenye benchi la kando ya kamba walikaa akina mama wawili watatu wamekauka tayari, wanapigwa jua. Nikakazana kutazama viatu. Hakuna viatu. Kuna miguu tu, na miguu yote imevaa tope. Aliyekaa mwisho wa benchi, pale pale nilipomwona mama mkwe akikaa, alikuwa na kimo chake, unene wake na joho lake. Nikainamisha kichwa.

"Mama, twende."

Akanyanyuka. Nikamnyooshea ncha ya taulo ashike, nisije nikamgusa, nikamwongoza hadi kwenye basi.

Unaniuliza kama nilimtazama? Nimtazame mama mkwe wangu akiwa ndani ya taulo? Wewe umelelewa wapi?

Filimbi akapita kati ya viti akinyoosha kidole kichwa hadi kichwa. "Idadi imetimia!" Dereva akang'oa gari.

Nilimkalisha mama dirishani. Nikakaa kiti cha mbele yake, mgongo nimempa kwa heshima, nikaanza kumzungumzisha. Kwa kawaida ningeupitishia mkoba, lakini sijui ni tope au ni furaha, ulimi ulifunguka wenyewe. Nilimweleza jinsi ninavyompenda binti yake. Nilimweleza kwamba kile kituo cha mafuta nakiota. Nilipoona hajibu, si kwa mkoba wala kwa ukuta, nikamsimulia ile habari ya fundi mwenzangu aliyeweka kioo cha kulia kushoto, mteja akawa anasalimia nguzo.

Nyuma yangu kiti kikaanza kutikisika. Nikachungulia kwenye kioo cha dereva. Mama amejishika mashavu kwa mikono miwili, mabega yanaruka. Anacheka! Anacheka na huku analinda ngozi!

Machozi yalinilenga. Miaka yote hii kumbe yule mama alihitaji kusimuliwa tu. Nikajiona nimekwisha shinda, mke wangu yuko njiani, na mimi nachagua rangi ya kupaka sebuleni.

Gatini tulimkuta jamaa mmoja mwenye buti na mpira wa maji, anaosha watu anavyoosha magari, wa kwanza mpaka wa mwisho. Mimi nikaoshwa haraka. Mama akaingia. Nikageuka nikatazama bahari, nikausikia ule mpira unapiga, mpaka jamaa akasema, "Huyu tayari, mzee mwingine."

Nikanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Mama, miwani yako hii hapa."

Akaipokea. Akaivaa.

"Naona ukungu," akasema.

Moyo uliniruka. Amesema nami! Moja kwa moja, bila mkoba! Nilidhani tope limeponya hadi ukwe wetu.

"Utaisha, Mama. Macho yana maji."

"Macho hayana maji. Hii miwani si sahihi."

Hapo sasa akanigusa penyewe. Nitukane mimi, nitukane ukoo wangu, lakini usiiseme miwani niliyoipima.

"Mama, kwa heshima zote, miwani hiyo ni sahihi. Nimeipima mwenyewe."

"Ningeona."

"Subiri macho yaizoee."

"Yaizoee vipi? Mimi sijavaa miwani tangu nizaliwe!"

"Mama, unavaa miwani."

"Baba, mimi sivai."

"Unavaa! Ukilala tu ndipo huvai!"

Watu walianza kutuangalia. Mwenye mpira alifunga maji asikie vizuri. Nami, nikiwa fundi aliyechokozwa kazini kwake, nikasahau adabu yote. Niligeuka, nikamshika kidevu, nikamfunua jicho la kushoto kwa kidole gumba.

Kidoa hakikuwepo.

Nikuambie ukweli, msomaji wangu? Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba tope limekisafisha. Nililitazama lile jicho nikastaajabu dawa za dunia hii. Nikafunua la kulia. Kavu, halina hata tone. Nikasema, Mungu mkubwa, limepona nalo.

Kisha nikarudi nyuma hatua moja, nikauona uso wote kwa pamoja. Uso mpya kabisa kwangu. Lakini hata wa mama mkwe nao ungekuwa mpya! Nilisimama pale naukagua, pua ile, paji lile, natafuta popote panapofanana na mke wangu. Sikupata.

"Mama," nikasema taratibu, "mkoba huu ni wa nani?"

"Si wako? Nilikuwa nashangaa, mwanamume na mkoba wa kike. Nikasema labda ndiyo sare ya melini."

"Melini?"

"Wewe si mhudumu wa meli? Umenijia na taulo, 'Mama, twende.' Nami nikasema leo angalau wamejali, wametuma mtu."

Nikakaa chini pale pale kwenye maji machafu.

"Mbona hukusema kitu njia nzima?"

"Niseme tope linipasukie? Umri huu?" Naye akakaa, juu ya ile nguzo ya chuma ya kufungia kamba za meli, akajifunga joho vizuri. "Halafu ulikuwa unanisimulia. Mimi nina mwanangu, ndiye aliyenileta safari hii. Yeye na simu yake, simu na yeye. Tangu tuondoke hajanisimulia hata kituko kimoja. Hivi yule mteja wa kusalimia nguzo aliishia wapi?"

"Mama! Mwanao yuko wapi?"

Akanyoosha kidole upande wa pili wa bandari. Kwenye gati la mbali ilikuwepo meli yenye bomba jekundu la moshi, na bomba lile lilikwisha kuanza kutoa moshi.

"Na pale kwenye benchi, ulikaa na nani?"

Akafikiri. "Palikuwa na mama mmoja kando yangu. Mtu mtaratibu. Alikuwa anapapasapapasa hewani."

Nilimfuata Filimbi mbio, joho linanipepea. Alikuwa anagawa viatu kutoka kwenye tenga. Nikaviona vile vya kifungo cha shaba, vimebaki vyenyewe chini.

"Filimbi, huyu mama si wangu!"

"Umemleta wewe."

"Nimemleta, lakini si wangu!"

"Fundi, idadi ilitimia. Mimi nahesabu vichwa, sivisomi." Akashusha sauti. "Wa kwako ulimwacha wapi?"

"Ningejua ningekuwa hapa?"

"Lile basi la meli nyingine liliondoka nyuma yetu. Mle namo mtu alikuwa anatafuta mama yake, na benchini alibaki mama." Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ikaniuma kuliko kama angenitukana. "Na wao wana haraka kuliko sisi."

Ndipo simu yangu ikalia ndani ya mkoba. Mke wangu. Tena si ya sauti, ya picha.

Nikaikata. Ikalia tena. Nikaikata. Ikalia kwa namna ambayo, kama umeoa, unaijua.

Sasa msinihukumu. Mtu akiwa na maji ya shingo hachagui cha kushika. Mimi nilishika kopo. Ndani ya mkoba wa mama mkwe lilikuwemo kopo la tope alilomnunulia jirani yake anayeumwa mgongo, mara tuliposhuka basini. Nikalifungua nikamrudia yule mama mbio.

"Mama, naomba unisaidie. Ndoa yangu iko kwenye uso wako."

"Nifanye nini?"

"Upakwe tena. Ukae kimya."

Angekataa, leo ningekuwa na hadithi nyingine. Lakini yule mama alinyoosha uso akafumba macho. "Paka. Usiruke masikio."

Nilimpaka kwa vidole vyote kumi, pua, paji, shingo. Mwenye mpira wa maji alitoa macho. "Huyu nimemwosha sasa hivi!" Nikamwambia anyamaze, asaidie masikio. Akasaidia.

Nikapokea simu.

"Mke wangu!"

"Mbona unakata?"

"Mtandao. Unajua bahari."

"Mama hajambo?"

"Hajambo kabisa. Yuko hapa, anapigwa jua." Nikageuza simu. Yule mama alikaa juu ya nguzo yake ameshika magoti, uso unang'aa tope bichi.

Mke wangu akasogeza simu karibu na macho. Nilimwona jinsi alivyokonda mashavu, na kitambaa chake cha kichwani ni kile nilichomnunulia mimi. Nilijisikia vibaya kweli, lakini nilikwisha kuingia, na kutokea sikujua ni wapi.

"Mama," akaita. "Mbona husemi?"

"Hawezi," nikadakia. "Tope. Akisema linapasuka na kunyanzi linabaki."

"Miwani yake iko wapi? Mama hakai bila miwani."

Nikaitoa mfukoni mwa joho la yule mama, nikamchomekea juu ya tope, ikakaa upande. Akatikisa kichwa, ishara kwamba anaona. Alikuwa haoni chochote.

"Basi, Mama," mke wangu akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Nilimwambia huyu mume wangu kwamba akikutunza ningerudi nyumbani. Nimechoka kulala kwenye kitanda changu cha usichana, miguu inatokeza nje. Wewe ndiye uliyekuwa naye leo. Kama amekutunza, tingisha kichwa."

Yule mama akageuza uso akanitazama kupitia ule ukungu. Sijui alikuwa anafikiri nini. Labda ile safari ya basi, labda mwanawe na simu yake. Halafu akatingisha kichwa, polepole, mara ya kwanza, mara ya pili, na kwa mkono wake akanipigapiga begani.

Nilitaka kulia. Na cha ajabu, alikuwa anasema kweli. Nilikuwa nimemtunza.

"Asante, mama," mke wangu akasema. "Sasa nirudishie uso wa Fundi."

Nikageuza simu. Nikajikausha, nikatabasamu.

"Unajua kwa nini nimepiga?"

"Umetukumbuka."

"Mama amenipigia muda mfupi uliopita, kwa simu ya mwanamume nisiyemjua. Namba yangu anayo kichwani. Amesema walipofika getini mlinzi wao alitazama picha kwenye kadi ya mama yake huyo mwanamume, akatazama tope, akasema piteni. Ameoshwa chumbani na mtu ambaye naye ndiyo kwanza ameinua macho kwenye simu yake, wakapiga kelele wote wawili. Amesema haoni. Amesema miwani yake unayo wewe."

Tabasamu lilikuwa bado limenikaa usoni. Nilijaribu kulitoa likagoma.

"Nilipiga ili uniambie," akasema. "Ungesema tu, mke wangu, nimempoteza mama, nisaidie. Basi. Nilikuwa nimeshika funguo za nyumba mkononi, Fundi, nasubiri useme."

Sauti yake haikuwa na hasira. Afadhali ingekuwa na hasira. Alizinyanyua zile funguo nikaziona, zina kile kining'inizo cha miwani ndogo ya dukani kwangu, kisha akazishusha nje ya picha.

"Mke wangu, nisikilize, nakwenda kumchukua sasa hivi, gati lenyewe naliona..."

Honi ikalia. Si honi ya gari, ni ile inayoanzia tumboni kwako na kupandia kifuani. Ndege wote wa bandari wakaruka. Jamaa wa mpira akaangusha mpira.

Mke wangu akainamia simu mpaka jicho lake moja likajaa kioo kizima.

"Hiyo ni meli gani?"

Nikafungua mdomo nimwambie ni yetu. Naapa, lilikuwa limefika mdomoni. Lakini juu ya ile nguzo yule mama alikwisha kuvua miwani, akaiangalia ile meli ya bomba jekundu upande wa pili wa bandari kwa macho yake mazima, na tope likampasuka kuanzia midomoni mpaka masikioni.

"Yangu," akasema.